Kabla hujaomba uzamili wa bioinformatiki: ya kuweka sawa ukiwa bado Dodoma

Waombaji wengi wa shahada ya uzamili ya bioinformatiki, yaani uchambuzi wa data za baiolojia kwa kompyuta, huwa wameegemea upande mmoja. Kuna aliyetoka baiolojia, maabara ya tiba au kilimo: PCR (njia ya kuzidisha DNA maabarani) anaijua vizuri, ila hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Na kuna aliyetoka sayansi ya kompyuta, labda pale CIVE, ndaki ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dodoma: lugha ya programu ya Python anaimwaga kama maji, lakini ukimuuliza inakuwaje jeni moja itoe protini zaidi ya moja, anababaika. Shahada hii huwapokea wote wawili. Taabu ni kwamba muhula wa kwanza haumsubiri mtu. Masomo ya kusawazisha yakishapita, mwalimu anaendelea kana kwamba kila aliyemo darasani anajua pande zote mbili. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na barua na vyeti, tafuta pengo lako liko wapi, ulitengee miezi 6 hivi, saa moja au mbili kila jioni.

Ukitokea baiolojia, usianze na Python. Anza na Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu kazi kubwa hufanyika kwenye seva isiyo na kipanya wala vitufe vya kubonyeza: unaandika amri, seva inatii. Kwenye Windows unaweza kuweka WSL, nyongeza inayoendesha Linux ndani ya Windows, ukapata Linux bila kufuta chochote. Zoea amri za cd, ls, less, grep, cut, sort, uniq na wc mpaka vidole viende vyenyewe, kisha ongeza awk. Baada ya hapo chagua lugha moja, si mbili kwa mpigo: R kama unaelekea kwenye takwimu na kulinganisha utendaji wa jeni, Python kama unaelekea kutengeneza zana.

Jipime kwa faili moja la FASTQ, ndilo linalotoka kwenye mashine ya kusoma DNA. Kila kipande kilichosomwa hukaa kwenye mistari 4: jina linaloanza na @, kisha herufi za DNA, kisha alama ya +, kisha mstari wa ubora wenye alama moja kwa kila herufi. Katika mstari huo wa mwisho, "5" ni ubora wa 20, yaani uwezekano wa kosa 1 katika herufi 100, "?" ni 30, kosa 1 katika 1,000, "I" ni 40, na "#" ni 2, herufi ambayo huwezi kuitegemea. Sasa hesabu vipande vilivyomo. Mgeni hutafuta mistari inayoanza na @ na kupata jibu lisilo sahihi, maana @ yenyewe ni alama ya ubora (31) na inaweza kuangukia mwanzoni mwa mstari wa nne. Njia salama ni `zcat sampuli.fastq.gz | wc -l`, halafu gawanya kwa 4. Ukiweza kumweleza mwenzako kwa nini ni 4 na kwa nini si @, umeshavuka hatua.

Makosa mengine matatu uyajue mapema, kwa kuwa huharibu kazi kimyakimya. Faili za FASTA, zenye herufi za DNA au protini bila alama za ubora, hutanguliza kila jina kwa alama ya >. Ukitaka kuzihesabu ukaandika `grep > jeni.fasta` bila kuweka > ndani ya alama za nukuu, Linux inaielewa kama amri ya kuandika juu ya faili, na faili lako linabaki tupu papo hapo. Andika `grep -c ">" jeni.fasta`, na data ghafi ziwekee ruhusa ya kusomwa tu. La pili: faili lililohaririwa kwenye Windows hubeba alama isiyoonekana mwisho wa kila mstari, na skripti inakataa bila sababu ya kueleweka; programu ya dos2unix huiondoa alama hiyo. La tatu ni Excel. Ukifungulia humo orodha ya jeni, majina kama MARCH1 na SEPT2 hugeuka tarehe. Tatizo hili lilienea mno hata mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikayabadilisha, yakawa MARCHF1 na SEPTIN2. Orodha za zamani bado zina majina yale ya awali.

Uliyetoka kompyuta, kwako mzigo uko kwenye baiolojia, na usiudharau. Elewa DNA inavyosomwa kwa herufi tatutatu, kwamba jeni inaweza kukaa kwenye uzi wa pili ikabidi isomwe kinyumenyume na herufi zake zibadilishwe, na kwamba mashine za kusoma DNA hukosea zaidi kuelekea mwisho wa kipande. Kuna mtego mmoja unaowanasa hasa waandishi wa programu: faili la BED, linaloorodhesha nafasi kwenye DNA, huanza kuhesabu kwa 0, ilhali GFF na VCF, ambazo nazo hutaja nafasi, huanza kwa 1. Kwenye programu ya kawaida kosa la namba moja hurekebishika. Hapa ukichelewa herufi moja, ATG, herufi tatu za kuanzia protini, inapotea, herufi zote zinazofuata zinagawika vibaya, na protini unayoipata haipo duniani. Wala kompyuta haitalalamika.

Takwimu ni deni la wote. Binadamu ana jeni zinazotengeneza protini zipatazo 20,000. Ukizipima moja moja kati ya wagonjwa na wazima kwa kigezo cha 0.05, yaani kukubali kudanganywa na bahati mara 5 katika 100, bahati tupu inaweza kukupa jeni 1,000 zinazoonekana zina maana. Ndiyo sababu ya kujifunza masahihisho ya vipimo vingi, hasa ile njia ya wanatakwimu Benjamini na Hochberg ya mwaka 1995. Jifunze pia kupanga sampuli. Chukua mfano wa mizabibu ya Makutupora: ukikusanya majani ya mizabibu inayougua mwezi Januari na ya mizima mwezi Juni, hutajua kamwe kama tofauti uliyoiona imeletwa na ugonjwa au na msimu. Hakuna programu inayoweza kuzitenganisha baadaye. Kasoro hii huua tasnifu nyingi kuliko ukosefu wa kompyuta yenye nguvu.

Na kompyuta yenyewe? Laptopu yenye RAM ya gigabaiti 16 na diski ya SSD ya gigabaiti 512 inatosha kujifunzia, na inatosha hata tasnifu ukichagua kiumbe kwa akili. Jenomu (DNA yote ya kiumbe) ya Chlamydia trachomatis, bakteria anayeleta trakoma, ugonjwa uliochunguzwa kwa miaka mingi huko Kongwa, ina herufi milioni 1 na ushei tu. Aspergillus flavus, kuvu anayetoa sumukuvu iliyoua watu mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, ana kama milioni 37. Mtama unaoshughulikiwa na taasisi ya utafiti wa kilimo TARI, kituo cha Hombolo, una kama milioni 730, na hapo laptopu inaanza kuhema. Binadamu ana takriban bilioni 3.1. Programu ya STAR peke yake inataka RAM ya gigabaiti 30 hivi ili ipange vipande kwenye jenomu ya binadamu; HISAT2 inaridhika na chini ya 10.

Piga na hesabu ya bando. Jenomu moja ya binadamu iliyosomwa mara 30, yaani kila herufi mara 30 kwa wastani, inaweza kufikia gigabaiti 80 ikiwa imebanwa. Kwa mtandao wa megabiti 8 kwa sekunde, sawa na megabaiti 1, hizo ni sekunde 80,000, yaani saa 22 bila kukatika hata mara moja. Umeme ukiondoka saa ya 20 nawe usirudie kwa `wget -c`, amri inayoendeleza upakuaji ulipokomea, unaanza upya. Hata faili likimaliza kushuka, linganisha md5sum yake (alama ya kuthibitisha kuwa faili ni kamili) na ile iliyotolewa na chanzo, kwani faili lililokatika katikati linaweza kufunguka vizuri na likagoma ukishafika mbali. Njia rahisi zaidi kwa aliyeko Dodoma ni kuacha data huko ziliko. Galaxy, jukwaa la bure, huvuta data moja kwa moja kutoka hifadhi za umma na kuzichakata kwenye seva zake, nawe unashusha majedwali tu. Kwenye seva ya chuo, anzisha kazi ndefu ndani ya tmux. Mtandao wako ukikatika, kazi inaendelea. Jambo dogo la hapa kwetu: kiangazi vumbi huziba feni ya laptopu, ikipata joto inapunguza kasi yenyewe. Isafishwe kabla hujaanza kulaumu programu.

Linalostahili kufikiriwa kwa muda mrefu kuliko yote ni data ya tasnifu itatoka wapi. Wanafunzi huandika andiko la utafiti kwanza, kisha wanatafuta sampuli, na mwaka wa pili unaishia kwenye kusubiri. Geuza mpangilio: tafuta data, kisha swali. Data kutoka hifadhi za umma za NCBI (Marekani) au ENA (Ulaya) hazina gharama, na tasnifu nzuri inaweza kujengwa juu yake. Ukitaka sampuli za watu, kwa mfano wagonjwa wa hospitali ya hapa jijini, utahitaji kibali cha maadili cha chuo na, kwa tafiti za afya, cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Sampuli zikivuka mpaka kwenda kusomwa, unaongeza mkataba wa kuzisafirisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu taarifa za kijenetiki kuwa nyeti. Usizipakie kwenye seva ya nje kwa sababu tu ni ya bure. Vibali viombe angalau miezi 6 kabla ya siku unayotaka kuanza, na omba ridhaa ya washiriki inayotaja wazi kwamba data zitatumiwa tena. Ridhaa isiyotaja hilo haitengenezeki baadaye bila kuwarudia watu wale wale.

Kuhusu chuo, soma orodha ya kozi kabla ya jina la shahada. Makerere ina uzamili wa bioinformatiki, na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi pia. Afrika Kusini kuna taasisi ya bioinformatiki ya SANBI katika Chuo Kikuu cha Western Cape. Ukibaki nchini unaweza kusoma uzamili wa baiolojia ya molekuli au wa sayansi ya kompyuta, na tasnifu yako ikawa ya bioinformatiki. Hiyo ni njia halali kabisa, ilimradi kuna msimamizi anayefanya kazi hiyo mwenyewe. Angalia machapisho yake ya miaka 3 iliyopita. Muulize mambo mawili: wanafunzi wake wanatumia seva gani, na data za kuanzia zipo tayari au bado? Uingereza shahada hii huisha kwa mwaka 1. Kwetu na kwa majirani huchukua miaka 2, na muda huo ni faida kwa mwenye pengo kubwa.

Karatasi hazina ugumu, zina muda tu. Vyuo vingi nchini hutaka GPA isiyopungua 2.7 kati ya 5. Pasipoti ni shilingi 150,000. IELTS, mtihani wa Kiingereza, hudumu miaka 2, hivyo usiifanye mapema mno, na uliza kwanza kama chuo kitakubali barua inayosema ulisoma kwa Kiingereza. Chevening, ufadhili wa Uingereza, inataka saa 2,800 za kazi na kozi 3 ulizochagua. Ufadhili wa Commonwealth na wa DAAD ya Ujerumani una tarehe zake, zitazame mwaka mzima kabla. Mpe anayekuandikia barua ya pendekezo wiki 3, pamoja na wasifu wako na kiungo cha skripti zako kwenye GitHub, mahali pa kuhifadhi programu mtandaoni, apate cha kusema kuhusu kazi yako. Na kabla hujalipa ada ya chuo cha nje, hakikisha chuo hicho kinatambuliwa katika nchi yake, kwa kuwa utakaporudi TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) itaanzia hapo kabla ya kuitambua shahada yako.