Soma tundu kabla ya kuitupa mbao

Mbao yenye matundu ya wadudu ikifika kwenye meza yangu ya useremala, sishiki dawa kwanza. Nashika tochi.

Mulika kutoka ubavuni, mwanga ulale juu ya mbao, kisha tazama mdomo wa tundu. Kama ni duara dogo la milimita 1 hadi 2, linalomwaga unga laini kama poda, itenge mbao hiyo mara moja: wadudu wa tundu hilo huzaliana ndani ya mbao kavu, kizazi baada ya kizazi. Kama tundu ni bapa, upande mmoja umenyooka na mwingine umepinda mfano wa herufi D, tulia. Huyo ni Buprestidae, mbawakawa wenye mng'ao wa madini.

Jina hilo linaniuma. Kwa Kigiriki, bous ni ng'ombe, na pretho ni kuvimbisha. Wagiriki wa kale walimwita bouprestis mdudu ambaye ng'ombe akimmeza pamoja na majani, huvimba na kufa. Inaelekea yule alikuwa wa jamii nyingine kabisa, wale wenye sumu ya kutoa malengelenge. Mwaka 1758 Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, akawapa hawa wanaong'aa jina la mdudu yule, na mwaka 1815 mwanasayansi Mwingereza, Leach, akaita familia nzima hivyo. Wanabeba kesi ya mauaji ambayo si yao.

Chokonoa tundu kwa sindano. Njia ya Buprestidae ndani ya mbao ni pana kwenda kando lakini bapa, imeshindiliwa vumbi gumu. Niliwahi kupasua ubao wa msonobari nikamkuta funza mwenyewe: mweupe, kifua kipana na bapa, mkia mwembamba, kama msumari na kichwa chake.

Kwa kawaida mayai yao hutagwa kwenye mti uliodhoofika au gogo lenye gome, kwa hiyo bandua gome mapema. Mbao iliyokwisha kukauka ni nadra kushambuliwa nao upya, ila funza aliyebaki ndani hukawia. Imewahi kurekodiwa mmoja wa familia hii, Buprestis aurulenta, akitoka baada ya miaka 51.

Ukitaka uhakika, pasha mbao joto mpaka kiini kifike nyuzi 56 za Selsiasi, kikae hapo dakika 30 mfululizo, kipimo cha kimataifa cha mbao za kufungashia mizigo. Vinginevyo, zungushia kila tundu penseli, tandika karatasi nyeusi chini, usubiri msimu wa joto upite. Pasipo tundu jipya wala vumbi, jaza kwa nta ya rangi ya mbao, piga msasa, endelea na kazi.