Namna ya kupima kori za laptopu kabla hujatoa hela Kariakoo

Muuzaji mmoja Kariakoo alinitolea laptopu mbili za mtumba, moja yenye prosesa (CPU, ubongo wa kompyuta) ya Intel i7-4600U nyingine i5-8250U, akaniambia "bosi wangu beba hii i7, hii ina kori nane, hiyo nyingine ya wanafunzi hiyo". Mi nilikuwa na flashi mfukoni nikamwambia kaka niwashie zote mbili na chaja zake nikae nazo kidogo. Haikupita dakika kumi i7 ikaonekana ina kori mbili tu, na ile ya wanafunzi ndo yenye nne. Simwiti mwizi, nadhani na yeye kauziwa maneno hivyohivyo.

Kabla ya kupima ujue unapima nini. Kori ni sehemu ya prosesa inayofanya kazi yenyewe, na prosesa moja inaweza kuwa nazo kadhaa. Chukulia kori ni bodaboda. Una mzigo mmoja wa kupeleka Tegeta, ukikodi bodaboda wanne haufiki mapema, watatu watakuwa wanamsindikiza mwenzao tu. Ila ukiwa na vifurushi 40 vya kusambaza Mbagala, Gongo la Mboto, Kigamboni na Tegeta, hapo yule mmoja hata akimbie vipi wale wanne wanamuacha. Kwa hiyo kuna maswali mawili na watu wengi wanauliza la pili tu: kori moja ina mbio kiasi gani, na ziko ngapi.

Zamani swali lilikuwa moja. Prosesa za Pentium 4 za Intel zilikuwa za kori moja, kila mwaka wanaongeza GHz (kipimo cha mwendo wa prosesa), mpaka 2004 zikafika 3.8 na joto likawa halishikiki, Intel wakaachana na mpango wa kutoa ya GHz 4. Mwaka 2005 zikaingia Pentium D na Athlon 64 X2 zenye kori mbili na tangu hapo ndo mambo ya kuhesabu kori.

Haya, tuingie kazini. Chomeka chaja kwanza, laptopu nyingi zikiwa kwenye betri zinajipunguza mwendo na utaidhulumu bure. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager, nenda Performance, kisha CPU. Pale chini angalia mistari miwili, Cores na Logical processors. Kori halisi ni Cores. Hiyo nyingine inaweza kuwa mara mbili yake kwa sababu kori moja inapokea foleni mbili za kazi, inasaidia ndio ila haiwi sawa na kuwa na kori mbili. Yule jamaa hata huku alikuwa ameongeza chumvi, maana i7 yake kwenye Logical processors iliandika nne, nane zilikuwa za i5.

Sasa kupima. Weka 7-Zip kwenye flashi, ni kaprogramu kadogo ka bure, haka hata MB 2 hakafiki. Fungua, nenda Tools kisha Benchmark. Pale kwenye idadi ya threads (zile foleni za kazi) weka 1, acha ikimbie raundi kadhaa, andika ile namba ya jumla. Halafu rudia ukiweka idadi yote. Usibadilishe kitu kingine, na mashine ya pili ifanyie vilevile. Kwa thread 1 zile laptopu mbili zilikaribiana, ingawa jina la i7 limeandikwa 2.10GHz na i5 1.60GHz, ndo ujue GHz za vizazi tofauti hazilinganishwi kwa macho. Kwa threads zote i5 ikaiacha mbali.

Usiizime hapo, iache ikimbie dakika tano sita huku unaangalia Speed kwenye Task Manager. Na joto hili la Dar, mtumba wenye feni iliyojaa vumbi unaanza vizuri halafu GHz zinashuka taratibu kama daladala inapanda mlima, na hapo hata kori nane ni za kwenye karatasi. Ukiona hivyo omba apunguze bei au afanye usafi mbele yako.

Kitu kingine kinachowachanganya watu: programu inaganda lakini CPU inasoma 25% tu. Kwenye mashine ya kori nne zisizo na foleni mbilimbili, hiyo 25% ni kori moja inayotoka jasho, tatu zimekaa. Programu yenyewe haijui kugawa kazi, ukinunua kori zaidi unapoteza hela. Hata zinazojua kugawa zina kikomo: kazi ya dakika 10 ambayo dakika 2 zake hazigawanyiki, kwa kori nne utamaliza kwa dakika 4, na hata ukiwa na kori mia hutoshuka chini ya zile mbili.

Kwa hiyo kama kazi yako ni Word, Excel na kuprinti, tafuta kori yenye mbio, mbili hadi nne zinatosha, hela inayobaki weka SSD (diski ya kuhifadhia yenye kasi). Unarenda video au unabana mafaili makubwa, hapo fuata wingi. Kori moja siku hizi usinunue kabisa, Windows 11 yenyewe inataka angalau mbili. Mama mdogo ana stationery Mabibo, anayo Pentium 4 mpaka leo, kutaipu inataipu vizuri tu, ila antivirasi ikianza kuskani mshale wa mausi unatembea kama mgonjwa na wateja wanahamia duka la pili.

Mimi nilibeba i5. Wakati naifunga kwenye begi jamaa akaniuliza, "bosi, hako kaprogramu kwenye flashi si uniachie?" Nikamwachia.