Likizo ndefu isipite bure, watu wa hesabu na data
Wanangu wa Kigoma mnaosoma hesabu au sayansi ya data chuo, kabla hujachoma bando kuomba zile REU za Marekani (programu za utafiti za likizo kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza) angalia kwanza nani anaruhusiwa, maana nyingi zinalipiwa na NSF, mfuko wa sayansi wa serikali yao, na hela yake ni ya raia wao na wenye ukaazi wa kudumu tu, mi nilijaza fomu mpaka usiku wa manane ndo nikakiona hicho kistari, nilichoka kabisa. Geukia zinazopokea watu wa nchi yoyote, kuna CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, kuna KAUST, chuo kikuu cha sayansi cha Saudia. Kiangazi chao ni Juni mpaka Agosti ila maombi ya CERN huwa yanafungwa mwanzoni kabisa mwa mwaka, kwa hiyo barua ya mwalimu iombe mapema hata Novemba, akishaanza kusahihisha mitihani humpati huyo.

Zikigoma zote, beba barua ya chuo nenda TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapahapa mjini uulize kama wanapokea wa fildi. Takwimu za dagaa na migebuka nazo ni data (chafu kwelikweli, ndo utamu wenyewe), zisafishe kwa lugha za kompyuta kama R au Python, ushapata cha kuonyesha kwenye maombi ya mwakani.