Namna ya kuufuata mwaka wa Kanisa nyumbani

Mwaka wa Kanisa hauanzi tarehe 1 Januari. Huanza Dominika ya kwanza ya Majilio, yaani kipindi cha kungojea Noeli, ambayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, wakati ambapo mikrismasi ya Dar es Salaam imekwisha kuchanua maua mekundu na watoto wanasubiri kufunga shule. Familia inayotaka kuyaishi majira haya ya imani sebuleni na jikoni ianze hapo, lakini isianze na mambo mengi. Nimeziona nyumba zikipanga ratiba ndefu ya sala na kuiacha kabla ya wiki ya pili. Kwa hiyo nashauri mchague tendo moja dogo kwa kila kipindi, mlifunganishe na kazi ambayo mikono yenu inaifanya tayari kila siku, kisha mlirudie mwaka hadi mwaka mahali palepale.

Pateni kwanza kalenda ya liturujia parokiani na kuitundika mahali ambapo kila mtu hupita. Wekeni alama kwenye Jumatano ya Majivu, ambayo huanzisha mfungo wa Kwaresima, Pasaka na Pentekoste, kwa kuwa tarehe zake huhama kila mwaka zikiifuata Pasaka, na Pasaka yenyewe hufuata mwezi mpevu, hivyo yaweza kuwa mapema kama tarehe 22 Machi au kuchelewa hadi 25 Aprili. Andikeni pia tarehe ya ubatizo ya kila mmoja, na tarehe walizofariki wazee wenu.

Kwa Majilio, chukueni bakuli pana, mlijaze mchanga mkavu, na kusimika humo mishumaa minne iliyozungushiwa majani mabichi yoyote yanayopatikana karibu. Kwa desturi mitatu huwa ya zambarau na mmoja wa waridi, ambao huwashwa Dominika ya tatu. Asiyepata rangi hizo afunge utepe wa kitambaa kwenye mishumaa ya kawaida ya dukani. Washeni mmoja katika wiki ya kwanza, miwili katika ya pili, na kuendelea hivyo, kabla tu ya chakula cha usiku, mbali na pazia na chandarua. Mtoto mkubwa awashe, na mdogo kuliko wote azime. Tangu tarehe 1 Desemba someni sura moja ya Injili ya Luka kila usiku. Sura zake ni 24, kwa hiyo usiku wa kuamkia Noeli mtakuwa mnasoma habari ya kaburi tupu. Wengine hudhani hilo ni kosa la mpangilio, nami nalipenda kwa sababu hiyo hiyo: mtoto analala akijua kwamba aliyezaliwa horini ndiye aliyefufuka.

Noeli haihitaji maelekezo mengi, ila msilibomoe pango la Noeli tarehe 26. Liacheni hadi Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana.

Jambo ninalolithamini kuliko yote ni tawi. Siku ya Dominika ya Matawi kila mtu hurudi nyumbani na kipande cha mnazi au mtende kilichobarikiwa, na katika nyumba nyingi kipande hicho huishia kwenye takataka kabla Pasaka haijapita. Kichomekeni nyuma ya msalaba ukutani, na mkiache kikauke hapo mbele ya macho ya watu wote kwa miezi kumi au zaidi, mkihama nyumba mhame nacho. Kabla ya Kwaresima inayofuata, parokia hutangaza kwamba matawi makavu yarudishwe, nayo huchomwa ili kupata majivu ya kupakwa Jumatano ya Majivu. Tawi lililobebwa tarehe 29 Machi 2026 ndilo litakalorudi kwenye paji la uso tarehe 10 Februari 2027. Mpeni mtoto aliyelishika kwa shangwe alipeleke yeye mwenyewe kwa katekista, na siku ya majivu mwambieni kwa sauti ya chini kwamba lile tawi lake limo humo. Sijapata fundisho la toba linaloingia moyoni kwa upesi kama hilo.

Kuhusu mfungo, amueni pamoja kabla ya Jumatano ya Majivu ni kitu gani mtajinyima, fedha itakayobaki itaingia kwenye kopo gani, na atapelekewa nani. Nasisitiza kwamba mfungo wa baba usimzidishie mama kazi ya kupika mara mbili, wala usimguse dada wa kazi ambaye hakuulizwa. Palipo na majirani Waislamu, kumbukeni kwamba mwaka 2026 Kwaresima na Ramadhani zilianza katika wiki moja, na mtu aliyefunga huielewa vizuri sahani ya futari anayompelekea jirani.

Baada ya Pentekoste hufuata miezi mirefu ya rangi ya kijani, ndiyo rangi ya mavazi ya padre kipindi hicho, na hapo ndipo familia nyingi huchoka, kwa kuwa hakuna sikukuu kubwa ya kungojea. Kwenye nyanda za juu huo ni msimu wa kuvuna mahindi, basi debe la kwanza liwekwe kando kuwa malimbuko kabla hamjahesabu magunia. Mkaaji wa mjini na afanye vivyo hivyo siku ya kupokea mshahara, kabla ya kulipa deni lolote.

Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu wote, nendeni makaburini na majembe na mafagio, mlimie na kufagia, na wazee wawasimulie watoto waliolala hapo walikuwa watu wa namna gani. Kisha, baada ya Sherehe ya Kristo Mfalme, ambayo ni Dominika ya mwisho ya mwaka wa Kanisa, litoeni lile bakuli la Majilio, mbadilishe mchanga, na yule aliyekuwa akizima mishumaa mwaka jana, kama sasa ana mdogo wake, akabidhiwe kiberiti.