Mambo ya kuandaa kabla ya kucheza Gambiti ya Budapest

Ukitaka kuipeleka Gambiti ya Budapest, ufunguzi wa chesi ambao mwenye nyeusi anatoa askari ili apate kasi, kwenye mashindano ya wikendi hapa Nairobi, anza kwa kuandaa mchezo ambao Budapest yenyewe haitatokea. Mwenye nyeupe lazima asukume askari d4 (herufi na namba ni jina la mraba ubaoni), wewe utoe farasi f6, naye asukume askari c4. Hapo ndipo unaweka askari e5. Asipocheza c4, akatoa farasi f3 au askofu f4, ukilazimisha e5 unaliwa askari bure. Kwa hiyo uwe na utetezi wa pili, hata ule wa kawaida wa d5, unaoujua vizuri.

Akila e5, farasi wako anarukia g4 kumdai yule askari. Mara nyingi utamrudisha. Unachonunua hasa ni kasi ya kutoa kete. Wengi hukariri mtego tu, na mtego wenyewe ni mtamu: yeye anamlinda askari kwa askofu f4, wewe farasi c6, yeye farasi f3, askofu wako anamtishia mfalme (cheki) kutoka b4, farasi wake wa b1 anaziba d2, malkia wako anakaa e7. Akisukuma a3, unakula e5 kwa farasi wa g4. Akimla askofu wako, farasi huyo anatua d3 na mchezo umekwisha, kwa sababu askari wa e2 amefungwa na malkia wako (akimla farasi, mfalme aliye nyuma yake anabaki wazi) na mfalme amezingirwa na kete zake mwenyewe.

Mpinzani aliyejiandaa hatamla askofu. Atabadilishana farasi pale e5, acheze e3, abaki na maaskofu wawili na nafasi nzuri kidogo. Nafasi hiyo ndiyo inayostahili saa zako za mazoezi kuliko mtego. Jiandae pia kwa farasi f3 mapema, kwenye hatua ya nne. Wewe utoe askofu c5, urudishe askari wako, kisha usukume a5. Hatua hiyo inampa askofu pa kurudi, a7, na inaifungulia ngome njia ya kupanda a6. Mstari wa sita ukiwa wazi, ngome inavuka hadi h6 au g6 kumkabili mfalme. Mimi naupenda mpango huu kuliko kitu kingine chochote katika Budapest. Akisukuma e4 kwenye hatua hiyo ya nne badala ya farasi f3, kula e5 kwa farasi, na akija f4 mrudishe c6 bila kusitasita.

Tafuta pia mchezo wa gambiti hii kati ya Rubinstein, mwenye nyeupe, na Vidmar, Berlin 1918, uuchezeshe ubaoni hatua kwa hatua. Vidmar alishinda na nyeusi kwa hatua 24 tu, dhidi ya mmoja wa wachezaji bora wa zama zile.

Siku yenyewe, zima simu na umuulize mwamuzi pa kuiweka kabla ya raundi ya kwanza, maana ikilia umepoteza mchezo.