Kiinua mgongo cha Dubai: kihesabu mwenyewe kabla ya kusaini

Mimi ni karani wa mishahara katika kampuni moja hapa Dubai. Makaratasi ya wanaomaliza kazi hupita mezani kwangu kila mwezi: walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli, watu wa usafi. Nikikutana na wenzangu wa nyumbani pale Deira siku ya mapumziko, swali huwa moja: "Dada, nikiondoka hawa watanipa ngapi?" Nami huwaambia wanipe mkataba niuone kwanza, maana bila mkataba kila atakachosema mtu ni kubahatisha.

Haya ninayoeleza ni ya mfanyakazi mgeni wa sekta binafsi, wa muda wote, katika Falme za Kiarabu: Dubai, Abu Dhabi, Sharjah na kwingineko. Sheria inayotumika ni ile ya mwaka 2021, iliyoanza kazi tarehe 2 Februari 2022. Wafanyakazi wa nyumbani wana sheria yao peke yao, na walioajiriwa ndani ya eneo la kifedha la DIFC wana utaratibu wao, ambapo tangu 2020 mwajiri huchangia mfuko kila mwezi. Kama uko huko, usitumie hesabu yangu.

Jambo la kuweka kichwani mapema ni kwamba kiinua mgongo, yaani malipo ya mwisho wa kazi, si NSSF. Nyumbani unakatwa kila mwezi na mwajiri anaongeza chake, na kuna akaunti yenye jina lako. Huku kwa wengi wetu hakuna akaunti yoyote. Kiinua mgongo ni deni ambalo mwajiri anakuwa nalo kwako, linakua kimya kimya mwaka hadi mwaka, na linalipwa siku unapoondoka. Hukatwi hata dirhamu moja kwa ajili yake. Ukiona kwenye slipu yako wamekukata "kwa ajili ya kiinua mgongo," hapo unaibiwa.

Mshahara wa msingi ndio kila kitu

Chukua barua ya ofa au mkataba uliosajiliwa Wizara ya Rasilimali Watu. Mshahara wako umegawanywa: kuna mshahara wa msingi, kisha posho ya nyumba, ya usafiri, ya chakula, na nyinginezo. Kiinua mgongo kinahesabiwa kwa ule wa msingi peke yake, tena ule wa mwisho uliokuwa ukilipwa. Posho hazimo. Ovataimu haimo.

Mtu anayepokea dirhamu 2,200 kwa mwezi hujiona ana 2,200. Mkataba wake unaweza kuwa unasema msingi ni 1,200 na zilizobaki ni posho. Sheria haijaweka kiwango cha asilimia ambacho msingi lazima ufikie, kwa hiyo mwajiri anayetaka kulipa kidogo siku za mwisho huupunguza msingi na kuzijaza posho, na mshahara wa mkononi unabaki ule ule. Mawakala wa Nairobi na Kampala hawakuelezi hili, maana wao wanauza ile jumla. Ndiyo maana nasema siku ya kukipigania kiinua mgongo ni siku ya kusaini ofa, ukiwa bado nyumbani. Uliza: "Msingi ni ngapi?" Ukipewa kazi mbili zenye jumla moja, chukua yenye msingi mkubwa. Na wakikuongezea mshahara baada ya miaka kadhaa, uliza nyongeza imeingia wapi. Mia mbili ikiingia kwenye posho ni ya kula mwezi huo tu. Ikiingia kwenye msingi inakuongezea kiinua mgongo cha miaka yote uliyokwisha kufanya, kwa sababu hesabu inatumia msingi wa mwisho.

Hesabu yenyewe

Lazima uwe umemaliza mwaka mmoja mfululizo. Ukiondoka na miezi kumi na moja, huna kitu. Ukishavuka mwaka, hata vipande vya mwaka vinahesabiwa, na muda wa majaribio nao umo.

Kwa kila mwaka katika ile mitano ya kwanza unapata mshahara wa msingi wa siku 21. Kuanzia mwaka wa sita, kila mwaka ni siku 30. Jumla yote haiwezi kuzidi mshahara wa miaka miwili, ila wanaofika huko ni wachache sana.

Nichukue mlinzi mwenye msingi wa 1,200. Amekaa na kampuni miaka saba na miezi saba, lakini katikati alikwenda nyumbani kumzika mzazi, akaomba likizo bila malipo, akakaa miezi mitatu. Siku za kutokuwepo bila malipo haziingii kwenye utumishi, kwa hiyo tunamhesabia miaka saba na miezi minne.

Msingi wa siku: 1,200 gawanya kwa 30, ni dirhamu 40.
Miaka mitano ya kwanza: 40 mara 21 ni 840 kwa mwaka, mara 5 ni 4,200.
Miaka miwili inayofuata: 1,200 mara 2 ni 2,400.
Miezi minne: 1,200 mara 4 gawanya kwa 12 ni 400.
Jumla: dirhamu 7,000.

Angehesabu kwa ile 2,200 yote, angepata zaidi ya 12,800, na kwa tarakimu hiyo angekuwa ameshaahidi nyumbani mabati na saruji. Nimewaona wakilia ofisini kwa sababu ya tofauti hii, na kampuni ikawa haijavunja sheria yoyote. Inaniuma, kwa sababu dakika tano na mkataba zingetosha kumwonyesha mtu ukweli miaka mingi kabla.

Usisahau kwamba kiinua mgongo si malipo pekee ya mwisho. Likizo ya mwaka uliyoistahili na hukuichukua inalipwa pia, kwa mshahara wa msingi. Kuna mshahara wa siku ulizofanya kazi mwezi huo, na malipo ya notisi kama wamekutoa bila kukupa muda wake. Tiketi ya kurudi ni juu ya mwajiri, isipokuwa umehamia kwa mwajiri mwingine au kosa la kuvunjika kwa mkataba ni lako. Karatasi ya hesabu iandike kila kimoja kwenye mstari wake. Wakikupa tarakimu moja tu ya jumla, rudisha, omba mchanganuo.

Yanayosemwa kambini

"Ukiacha kazi mwenyewe unapoteza." Hayo yalikuwa ya sheria ya zamani, ile ya 1980, ambapo anayejiuzulu mapema alipunguziwa theluthi moja au mbili. Siku hizi ukijiuzulu unapata sawa na aliyeachishwa. Lakini fanya notisi yako yote, kama siku 30 au zaidi kadiri mkataba unavyosema, la sivyo watakukata mshahara wa siku hizo.

"Ukifukuzwa kwa kosa hupati kitu." Hilo nalo limepitwa na wakati. Mwajiri anaruhusiwa kukata anachokudai kisheria au kwa hukumu ya mahakama, basi.

"Visa ikifanywa upya baada ya miaka miwili, miaka inaanza sifuri." Si kweli, kama umebaki kwa mwajiri yule yule. Pa kuwa macho ni pale mnapohamishwa kutoka kampuni moja kwenda nyingine ya tajiri huyo huyo, leseni tofauti. Hapo visa ya kwanza inakanseliwa, na miaka yako ya nyuma inaweza kuishia hapo. Ama wakulipe hapo hapo, ama wakuandikie kwamba utumishi unaendelea.

Kwa walio nchi jirani, hesabu ni nyingine. Saudia ni nusu mshahara wa mwezi kwa kila mwaka katika mitano ya mwanzo, kisha mwezi mzima. Ila ukijiuzulu kabla ya miaka miwili hupati kitu, kati ya miwili na mitano unapata theluthi, hadi kumi theluthi mbili. Dada zetu wa kazi za nyumbani Saudia wanastahili mshahara wa mwezi mmoja baada ya miaka minne kwa mwajiri mmoja. Qatar ni wiki tatu za msingi kwa mwaka, kwa uchache. Oman, kwa sheria ya 2023, ni mwezi mmoja wa msingi kwa kila mwaka.

Siku ya kukanseli

Karatasi ya kukanseli kibali cha kazi ina maneno kwamba umepokea haki zako zote. Watu wanaitwa ofisini saa nane mchana, wanaambiwa "saini hapa, pesa zinakuja," ndege ni kesho kutwa. Wakishasaini, ushahidi wa kwanza dhidi yao ni saini yao wenyewe.

Sheria inampa mwajiri siku 14 tangu mkataba uishe awe amekulipa yote. Kabla ya kusaini, omba karatasi ya hesabu yenye muhuri, uilinganishe na hesabu yako ya nyumbani, uipige picha. Kisha mwambie meneja kwa adabu: "Mudiri, nitasaini pesa zikishaingia." Kampuni iliyonyooka haitakasirika. Ikikasirika, nenda wizarani kabla hujaweka kalamu.

Angalia pia benki. Kama una mkopo au deni la kadi, benki ikiona malipo ya mwisho yameingia inaweza kuyazuia. Nenda mkazungumze mapema, ujue kitakachobaki mkononi.

Wakigoma kulipa, malalamiko yanapelekwa Wizara ya Rasilimali Watu, ile tunayoiita MOHRE, hata kwa programu yake ya simu. Dai lisilozidi dirhamu 50,000 wizara yenyewe inaweza kuliamua, na kwa wengi wetu dai liko chini sana ya hapo. Mfanyakazi halipi ada ya mahakama kwa dai lisilozidi 100,000. Jiandae na nakala ya mkataba, slipu, taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia, na tarehe za kutoka na kuingia nchini, kwa sababu ubishi mwingi huwa juu ya siku za likizo bila malipo. Hifadhi hivi vyote kwenye barua pepe yako tangu mwezi wa kwanza, kwani simu huibiwa na laini hufungwa.

Akifariki mfanyakazi, kiinua mgongo chake ni cha familia, na mwajiri anatakiwa awape ndani ya siku 10 tangu kifo au tangu alipopata habari. Sheria inamruhusu mfanyakazi kuandika mapema nani apokee. Andika, na nakala mpelekee huyo uliyemtaja.

Muda wa kudai zamani ulikuwa mwaka mmoja. Tangu mwisho wa Agosti 2024 ni miaka miwili kuanzia siku ajira ilipokwisha. Kwa hiyo wewe uliyerudi Kitale au Mbale mwaka jana na mpaka leo hujalipwa, tafuta mkataba wako usiku huu, piga hesabu, fungua dai.