Jinsi ya kutengeneza rejista ya mbwa na watu waliong'atwa kwa kutumia simu yako

Wakuu habari zenu, hasa mlioko halmashauri upande wa mifugo na nyie wa zahanati mnaopokea watu waliong'atwa. Kaunta buku huwa linatosha mpaka siku mama anaingia ofisini na mtoto aliyeng'atwa mguuni, unamuuliza mbwa gani, anakwambia ni Simba, wa kahawia, yule wa karibu na mashine ya kusaga. Mimi hiyo imenikuta. Nikafungua kitabu nikakuta Simba watatu mtaa mmoja, wote wa kahawia, wawili wana chanjo mmoja hana, na hakuna mahali pameandikwa yupi ni wa nyumba ipi. Mtoto alianza sindano zake za kuzuia kichaa cha mbwa, sawa, lakini sisi tulizunguka siku mbili nyumba kwa nyumba tukimtafuta mbwa ambaye tulishamwandika kwa mkono wetu wenyewe.

Kwa hiyo kabla hujagusa programu yoyote anza na namba. Kila mbwa apewe namba yake, herufi tatu za kata halafu tarakimu, mfano MJN-0147, na namba hiyo asipewe mbwa mwingine hata huyu akifa. Iandike kwenye kadi ya chanjo anayobaki nayo mwenye mbwa, kisha mpige picha mbwa akiwa amesimama ubavu, maana madoa na mkia ndio vinamtambulisha kuliko sura. Kama mna zile chipu za tarakimu 15 za kuweka chini ya ngozi vizuri sana, wengi wetu hatuna chipu wala mashine ya kuzisoma na kazi inaenda tu.

Pili usirundike kila kitu kwenye mstari mmoja. Hili kosa naliona sana, mtu anaandika mwenye mbwa, mbwa, chanjo ya mwaka jana, chanjo ya mwaka huu, ameng'ata nani, yote yanafuatana, baada ya miaka mitatu shiti ina kolamu mpaka unachoka kusogeza. Tengeneza shiti tatu za Excel: ya mbwa, ya chanjo na ya matukio. Mbwa anaandikwa mara moja tu, ila kila chanjo na kila tukio ni mstari wake mpya, na kinachoziunganisha ni ile namba.

Kukusanya taarifa mimi natumia KoboToolbox, unafungua akaunti ya bure kwenye kompyuta, unatengeneza fomu, halafu kwenye simu ya Android unaweka KoboCollect, programu yake ya kujazia hiyo fomu. Uzuri wake inajaza bila mtandao, ukirudi penye mtandao unatuma zote kwa mpigo na bando haliliwi sana labda kwenye picha. Na sio kitu kigeni kwetu, kusini mwa Tanzania Ifakara Health Institute walianza kutumia simu kwa taarifa za kichaa cha mbwa tangu 2011, wahudumu wa afya na watu wa mifugo wakiwa kwenye mfumo mmoja. Kama nyie mna kituo kabisa cha kuhifadhi wanyama, ipo programu ya Animal Shelter Manager, ni ya chanzo huria na ina sehemu ya matukio, ila kwa kata isiyo na kituo naona ni mzigo.

Kwenye fomu weka maswali ya kuchagua kila inapowezekana. Ukiacha watu waandike wenyewe utapata "kahawia", "kahawa", "brauni" na "mwekundu" kwa mbwa mmoja. Namba ya mbwa, tarehe na eneo la GPS yafanye ya lazima, na swali la jeraha litokee tu kama mtu amechagua tukio la kung'atwa.

Sasa sehemu ambayo naomba muishike kweli ni siku ya kumi. Mbwa au paka aliyeng'ata mtu akiwa yupo na anaonekana mzima, anaangaliwa siku 10 tangu siku aliyong'ata, akimaliza akiwa mzima maana yake siku ile hakuwa anatoa kirusi kwenye mate. Aliyeng'atwa hasubiri hizo siku, anaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na anaenda kuanza chanjo, majibu ya mbwa ndiyo yanamsaidia daktari kuamua aendelee au aache. Vitabu vingi vya kung'atwa vinaishia "amepewa rufaa" halafu kimya, hakuna anayejua mbwa aliishia wapi! Kwenye shiti ya matukio kama tarehe ya kung'atwa iko C2, kolamu inayofuata andika =C2+10, kisha weka kolamu ya matokeo yenye majibu manne tu: mzima, amekufa, ameuawa, hajulikani alipo. Tukio lisifungwe mpaka hiyo kolamu ijazwe. Jibu likiwa lolote zaidi ya "mzima", piga simu zahanati siku hiyo hiyo, usingoje ripoti ya mwisho wa mwezi.

Kwenye chanjo andika namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda iliyo kwenye kichupa, na joto la friji au kibebeo asubuhi ile, inatakiwa nyuzi 2 mpaka 8. Kama tarehe ya chanjo iko D2, kwa tarehe ya kurudia andika =EDATE(D2,12), inakupa mwaka mmoja mbele. Mkilenga asilimia 70 ya mbwa wachanjwe, msigawe kwa mbwa mliowaandika, mtajipa asilimia kubwa ya uongo, hesabuni mbwa mtaani siku mbili tatu baada ya kampeni waliochanjwa wakiwa bado wana alama ya rangi waliyopakwa siku ya chanjo, mbwa koko nao wamo.

Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya ofisi. Kuna ofisi niliyopita, mwenzetu alihamishwa na akaunti ilikuwa ya jina lake, laini ameshabadilisha, paswadi hakumbuki, rekodi za miezi zikapotea hivi hivi tunaangalia. Kila Ijumaa pakua nakala ya Excel, weka kwenye kompyuta ya ofisi na kwenye flashi inayofungiwa kabatini. Majina na namba za simu za waliong'atwa wasione watu wote, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila sheria hakuna mzazi anayependa picha ya jeraha la mwanae izunguke kwenye magrupu ya WhatsApp.

Mwezi wa kwanza kaunta buku liendelee sambamba na simu, kila jioni linganisha idadi, zikipishana tafuta mstari uliokosekana kabla hujalala.